Tahadhari: Muuzaji wa "kiongeza kasi" cha Wi-Fi na ile namba 300

Ndugu wasomaji,

Ninaandika kuwatahadharisha kuhusu muuzaji anayetangaza mtandaoni kifaa kidogo cha kuchomeka ukutani, akidai kwamba kinapandisha kasi ya intaneti ya nyumbani mara kumi bila mtu kubadili kifurushi. Nilikinunua, akaja mwenyewe kukifunga, nami nikamlipa kwa sababu ya kitu kimoja alichonionyesha, ambacho ningependa mkijue kabla hajafika mlangoni kwenu.

Baada ya kukichomeka kwenye soketi ya chumba cha kulala na taa yake ya buluu kuwaka, aliomba simu yangu, akafungua mipangilio ya Wi-Fi, akagusa jina la mtandao na kunionyesha namba 300. Kifurushi changu ni cha megabiti 20 kwa sekunde, kwa hiyo nilistaajabu. Namba ile haikuwa ya uongo, ila haikuwa ya intaneti: ni kasi ambayo simu na kile kifaa vimekubaliana kuwasiliana vyenyewe kwa vyenyewe humo chumbani. Ukibadili ndoo ukaweka pipa, bomba linaloleta maji ni lile lile.

Alipoondoka nilifanya vipimo ambavyo ningepaswa kuvifanya mbele yake. Niliunganisha kompyuta kwa waya na ruta (kile kifaa kinachopokea intaneti na kuisambaza nyumbani), vifaa vingine vyote vikiwa vimezimwa, nikapata 19. Kwa simu, hatua mbili kutoka kwenye ruta, nikapata 18. Chumbani bila kifaa ilikuwa 6, na kupitia kifaa ikawa 5. Alikuwa amekichomeka pale pale ambapo mawimbi ya ruta yamekwisha kufifia, nacho hakiwezi kurudia ila kile kinachokifikia. Isitoshe, vifaa vya bei ya chini vya aina hii hutumia redio moja kupokea na kutuma kwenye chaneli (njia ya mawimbi) ile ile, hivyo takribani nusu ya kasi hupotea njiani. Kwa haki niseme kwamba kifaa cha kurudia mawimbi chenyewe si utapeli, kwani kikiwekwa katikati ya njia, mahali ambapo mawimbi bado yana nguvu, hufikisha mtandao kwenye kona zilizosahaulika. Utapeli uko kwenye ahadi yake ya kasi mara kumi.

Lililonitia hofu zaidi nililigundua jioni. Ili kukifunga, aliniomba nywila ya Wi-Fi na ile ya kuingilia mipangilio ya ruta, nami, kwa ujinga wangu, nikampa zote mbili. Nilipofungua orodha ya mitandao niliona jina la mtandao wangu likiwa limeongezewa herufi tatu mwishoni, bila alama ya kufuli. Yeyote aliyepita nje angeweza kuingia. Ukurasa wa mipangilio wa kifaa nao ulifunguka kwa kuandika "admin" mara mbili. Nilikichomoa usiku ule ule, nikabadilisha nywila zote, nikazima WPS (njia ya kuunganisha vifaa na Wi-Fi kwa kitufe au namba fupi badala ya nywila), kisha nikahakikisha kwamba ruta haiwezi kusimamiwa kutoka nje ya nyumba.

Tatizo lenyewe liliisha bila kununua chochote. Ruta ilikuwa imefichwa kabatini nyuma ya televisheni, karibu kabisa na sakafu. Niliihamishia juu ya rafu iliyo wazi, nikaitoa kwenye chaneli 4, iliyokuwa ikigongana na mitandao ya majirani, nikaiweka kwenye 11 (katika masafa ya gigahezi 2.4, chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana), na vifaa vya sebuleni nikavipeleka kwenye gigahezi 5. Chumbani sasa ninapata 15.

Nilipomrudia muuzaji na vipimo vyangu, alinijibu kwamba kifaa "huizoea nyumba" baada ya wiki mbili, na nilipodai kurudishiwa fedha akanizuia nisimfikie tena. Akija kwenu, mtakeni apime kwa programu ya kupima kasi ya intaneti, kabla na baada ya kukichomeka, mkiwa mmesimama mahali pale pale na data ya simu ikiwa imezimwa, na asilipwe kabla ya hapo. Tangazo lake limerejea wiki hii kwa jina jingine, lakini picha ni ile ile: mkono ulioshika simu, na namba 300 imezungushiwa duara jekundu.