Rejeta inavuja kidogo: ununue nini, uache nini

Corolla yangu, AE110 ya mwaka 1998, ilianza kunywa maji polepole. Kama nusu lita kwa wiki, na kila asubuhi mimi na galoni langu, kama mtu anayemwagilia mchicha. Chini ya gari hakuna tone. Mshale wa temperecha hausogei. Ukifika hali hiyo unajikuta duka la spea ukiulizia "ile dawa ya kuziba rejeta", na kweli nilikwenda Gerezani nikanunua kichupa. Nashukuru sikukimimina siku ile.

Kwanza ujue panapovuja. Subiri asubuhi injini iwe imepoa kabisa, fungua boneti, washa tochi ya simu. Usitafute maji, tafuta ukoko. Maji yakitoka kwenye injini ya moto hukauka kabla hayajafika chini, ila rangi ya kulanti, yaani kimiminika cha rangi cha kupozea injini, hubaki imeganda. Kwangu ukoko wa waridi ulikuwa kwenye tenki la juu la plastiki, pale mpira wa kupitishia maji unapovaliwa, umejipanga kama chumvi kwenye ukingo wa ndoo ya maji ya kisima. Nilipoukwangua kwa ukucha nikaona ufa mwembamba kama unywele. Kama huoni kitu, angalia chini ya pampu ya maji: ina kitundu kidogo ambacho hutoa maji sili ya ndani ikichoka, na watu wamebadilisha rejeta nzima kwa kosa la pampu.

Sasa manunuzi, kuanzia ninachokipendekeza zaidi hadi kile ninachokikataa.

Nafasi ya kwanza ni mfuniko wa rejeta, mipira na klipu zake. Ndivyo vitu vya bei ndogo kuliko vyote, na kwa gari la miaka ishirini na kitu mara nyingi ndivyo wakosaji. Mfuniko si kizibo tu. Una springi inayoshikilia presha. Mfuniko wa 0.9, yaani presha ya karibu baa 0.9 juu ya ile ya hewa, hupandisha kiwango cha maji kuchemka kutoka nyuzi 100 hadi karibu 118. Springi ikilegea au raba ikipasuka, maji husukumwa kwenye tenki la akiba na kumwagika nje, wewe ukidhani rejeta imetoboka. Soma namba iliyogongwa juu yake (0.9 au 1.1, au 88 na 108 kwa kipimo kingine) ununue ileile. Muuzaji atakwambia 1.1 "ndiyo kali zaidi". Kwenye rejeta ya plastiki iliyozeeka, hiyo 1.1 itakuletea ufa wa pili. Mpira nao uminye ukiwa wa baridi: ukiwa mgumu kama kuni au laini kama andazi la jana, badilisha.

Nafasi ya pili, na ndiyo niliyoichukua mimi, ni rejeta mpya isiyo jenuini. Kwa rejeta ya alumini yenye tenki za plastiki, ufa wa tenki hauponi. Plastiki imepikwa kwa miaka, imekauka. Ukiziba hapa itapasuka sentimita mbili pembeni. Rejeta za Toyota ndogo ziko tele Kariakoo na Gerezani, na kwa wa Nairobi, Kirinyaga Road. Tatizo si kuipata, ni kuipata iliyo sahihi. Nenda na ya zamani mkononi, au angalau na namba ya modeli iliyo kwenye kibati cha gari, maana "ya Corolla" si jibu. Gari la otomatiki linahitaji rejeta yenye mirija miwili midogo kwenye tenki la chini, ya kupozea oili ya gia boksi. Ya manyuo, yaani ya gia za mkono, haina. Fundi asiyejali atakufungia ya manyuo na kuiunganisha mirija hiyo kwa kipande cha mpira, gia boksi ije ilie mlimani.

Pima pia unene wa kiini, yaani ule wavu wa mirija na mapezi ulio kati ya tenki mbili. Zipo za milimita 16 na za 26 zinazofanana kabisa kwa mbele. Kama iliyotoka ni nene, usikubali nyembamba, hasa kama gari lina eisii na unapanda mlima Kitonga. Zilaze mbili sambamba kwenye kaunta: midomo ya mipira ielekee upande uleule, vishikio vya feni vikae mahali pamoja. Pitisha kidole kwenye mapezi. Yakilala kwa kuguswa tu, rudisha. Na kabla hujalipa elewana na muuzaji kwamba ikigoma kukaa utabadilishiwa, na aandike hivyo kwenye risiti.

Fundi rejeta nimemweka nafasi ya tatu, lakini ukiwa na Land Rover 109 au lori la zamani lenye rejeta ya shaba, mpandishe mpaka juu kabisa. Shaba inazibika kwa risasi na inadumu miaka. Fundi mzuri huifungua, huisafisha mirija kwa ndani, kisha huitumbukiza kwenye pipa la maji na kuipa upepo wa kompresa. Simama hapo hapo. Tundu moja hutoa mkufu mmoja wa mapovu, na baada ya kuziba pipa linatakiwa litulie. Kwa alumini kazi ni ngumu zaidi na matokeo hutegemea mkono wa mtu. Anaweza pia kukubadilishia tenki la plastiki peke yake, na ni sawa kama kiini bado kizima.

Rejeta ya mtumba kutoka Japani huja nafasi ya nne. Watu huipenda kwa sababu ni jenuini. Ni jenuini kweli, lakini plastiki yake ina umri uleule wa ile inayokuvujia. Ukilazimika, inunue tu kwa gari ambalo mpya haipatikani, uipime kwenye pipa kabla hujatoa hela, na uchungulie ndani ya mdomo: ukiona tope la kahawia, aliyetangulia alikwisha kumimina dawa.

Gundi ya chuma, ile ya kuchanganya mirija miwili, ni ya dharura. Sehemu iwe kavu, ikwanguliwe kwa msasa, gundi iachwe ikauke saa zote zilizoandikwa kwenye pakiti. Inakufikisha mjini.

Na dawa ya kuziba? Si utapeli. Hata GM ya Marekani iliweka vidonge vya kuziba kwenye injini za Cadillac Northstar kutoka kiwandani. Dawa huzunguka na maji ikiwa na chembe ndogo, na panapovuja chembe hujikusanya mpaka pazibike. Shida ni kwamba chembe haijui ufa ni upi na mrija mwembamba ni upi. Gari la zamani lililonyweshwa maji ya kisima yenye chumvi kwa miaka tayari mirija yake ni nusu. Ukiongeza dawa unaimalizia. Na hita ndiyo hutangulia kuziba. Dar hutajua, mpaka siku uende kwenye baridi ya Makete mwezi wa saba. Kwa hiyo inunue ikae kwenye buti, kwa ajili ya tundu dogo la kiini ukiwa mbali na fundi, na uimwage yote mfumo usafishwe mara tu ukifika. Kwa ufa wa plastiki kama wangu usijisumbue.

Mayai, pilipili manga na manjano, ambavyo watu humimina kwenye rejeta ili kuziba, ni vya jikoni. Najua kuna mjomba wa mtu aliyefika Dodoma kwa yai moja. Muulize fundi aliyelisafisha lile yai lilipooza.

Ukishafunga rejeta mpya, usikubali fundi aitoe thamostati (vali inayofungulia maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata joto) "ili gari lipoe vizuri"; unamnunulia mpya na inarudi mahali pake. Weka kulanti na maji yaliyosafishwa nusu kwa nusu, si maji ya bomba. Kulanti ni tamu na ni sumu, ile ya zamani usiimwage mferejini wanapopita watoto na mbuzi. Jaza taratibu, washa injini ingali ya baridi, mfuniko ukiwa wazi, minya mpira wa juu mara kadhaa hewa itoke, ongeza, kisha funga. Kesho yake asubuhi, kabla hujawasha, rudi na tochi ya simu uangalie tena pale pale.