Winchi ya mkono kwa visiki vya mkaratusi: inafaa, ila si peke yake

Winchi ya wenzo ya tani 1.6, yenye waya wa mita 20, ni kifaa kizuri kwa shamba la mteremko ambako tingatinga halifiki. Lakini kisiki kinene hakitang'oka kwa winchi tupu, hata wavute watu wawili. Chimba kwanza kukizunguka, kata mizizi ya pembeni kwa shoka. Winchi ni ya kumalizia. Unapoangusha mti, acha kisiki cha mita moja na nusu na ufunge waya juu: urefu huo ndio unaokipindua. Ukikata usawa wa ardhi, umebaki na sururu. Upande wa pili, winchi yenyewe ifunge chini kabisa ya shina la mti hai ulio mnene zaidi, kwa mkanda mpana usiochubua gome.

Kinachoudhi ni pini za usalama za winchi. Hukatika mzigo ukizidi, na ndiyo kazi yake. Ukiweka msumari badala yake, kinachoweza kukatika ni waya. Ulaze gunia zito juu ya waya, na mtu asisimame kwenye mstari wake.

Kisiki kilichokushinda, kibandue gome hadi chini ya udongo, la sivyo kitachipua tena.