Siku nne Yogyakarta: anza na kasri, batiki isubiri

Siku ya kwanza niliiharibu mwenyewe. Yogyakarta ni mji wa kisiwa cha Java, Indonesia, na nilikuwa nateremka Malioboro, ile barabara ya maduka inayotoka upande wa kituo cha treni cha Tugu kwenda kwenye kasri la Sultani. Saa saba mchana, jua la utosi. Akanijia mzee mpole, shati limenyooshwa pasi, akaniuliza natoka wapi. Tanzania! Akafurahi kama kaona ndugu aliyepotea. Akaniambia kasri limeshafungwa, ila kuna maonyesho ya batiki za wanafunzi wa sanaa na leo ndiyo siku ya mwisho. Nikaenda, nikakaribishwa chai, nikatoka na picha mbili na pochi nyepesi. Kesho yake nikapita palepale: maonyesho yapo, na siku ya mwisho ni leo tena.

Kwa hilo la kasri, lakini, mzee hakudanganya sana. Kraton, kama wanavyoliita, hupokea wageni kuanzia asubuhi na hufunga mapema mchana, na Jumatatu halifunguliwi. Kwa hiyo ukiamka kwa uvivu umelikosa. Lilianza kujengwa 1755, ufalme wa Mataram ulipogawanywa kwa mkataba wa Giyanti na mwanamfalme Mangkubumi akawa Sultani Hamengkubuwono wa Kwanza. Usiende ukitarajia marumaru na dhahabu za kumetameta. Ni nyua pana za mchanga, mabanda yaliyo wazi pande zote, na watumishi wazee wanaotembea pekupeku, kisu cha kris kimechomekwa mgongoni kwenye mshipi. Sultani wa sasa, wa kumi, bado anaishi humo na ndiye gavana wa jimbo. Mimi nilikaa kibarazani nikisikiliza gamelan, muziki wao wa ala za kugongwa, mpaka nikasahau orodha yangu.

Kutoka hapo nenda Taman Sari kwa miguu, si mbali. Ni bustani ya maji ya masultani. Watu wengi hupiga picha kwenye mabwawa wakaondoka, na hapo ndipo wanapokosea. Pita vichochoroni katikati ya nyumba za watu, ulizia Sumur Gumuling, ushuke kwenye njia ya chini ya ardhi. Utatokea kwenye jengo la mviringo lililokuwa msikiti, ngazi nne zinakutana hewani katikati, na ya tano inapanda juu. Sauti mle inazunguka. Nilikohoa tu, nikajisikia kama imamu.

Sasa batiki. Neno lenyewe tumelipata kwao, na kina mama wetu wa Dar wanaochovya vitambaa kwenye nta wangeelewana na Wajava bila mkalimani. Siku ya tatu nililipia somo la nusu siku kwenye karakana ndogo. Unashika canting, kikombe kidogo cha shaba chenye mdomo mwembamba kama wa sindano, unachota nta ya moto, unachora. Ukisita kidogo tu, tone linadondoka na doa halitoki. Batiki yangu ina madoa kumi na moja. Ibu aliyenifundisha (mwanamke mtu mzima mwite Ibu, mwanamume Pak, utapendwa) alinionyesha jambo moja lililonifungua macho: geuza kitambaa. Kilichochorwa kwa mkono rangi yake huonekana pande zote mbili karibu sawa, na hakuna ua linalofanana kabisa na jirani yake. Cha kiwandani mgongo wake umefifia. Jingine: nakshi ya parang, ile ya mistari ya mshazari, usiivae kwenda Kraton. Ni ya ukoo wa kifalme.

Chakula ni gudeg, fenesi bichi lililopikwa kwa tui na sukari ya mnazi mpaka likawa kahawia. Mtaa wa Wijilan umejaa wauzaji. Kwa mtu wa pwani kila kiungo unakijua, ila utamu wake ulinishinda. Nilimaliza kwa adabu.

Borobudur, hekalu kubwa la Kibudha, iko kama kilomita 40 nje ya mji. Nunua mapema tiketi ya kupanda juu, maana ni tofauti na ya uwanjani na watu huhesabiwa. Prambanan, kwenye mahekalu ya Kihindu ambako lile la mungu Shiva lina urefu wa mita 47, nenda alasiri jua likishuka. Zote mbili zinastahili, ila usiziache zikule siku zote za mjini.

Becak, baiskeli ya magurudumu matatu ambayo abiria hukaa mbele, patana nauli kabla hujapanda. Ukitajiwa bei ya kutupa, jua utapelekwa dukani kwanza.

Mji naupa nyota nne. Ya tano imeyeyuka Malioboro saa saba mchana. Zile picha mbili za maonyesho nimezitundika sebuleni. Wageni wanazisifu, nami nawaongeza chai.