Miksa ya DJ: sikiliza sauti tupu kwanza, efekti baadaye

Wadau, karibuni. Leo mezani nina miksa mbili, yaani vifaa vya DJ vya kuchanganya nyimbo: DJM-900NXS2 ya Pioneer DJ, iliyotoka mwaka 2016, na Xone:96 ya Allen & Heath, iliyotoka 2018. Kushoto, kwenye DJM, kuna efekti 14 za mapigo (zinazofuata mwendo wa wimbo), ukiacha zile sita za rangi ya sauti zinazokaa kwenye kila chaneli, yaani kila njia ya kuingizia sauti. Kulia, kwenye Xone, hakuna eko, hakuna riverbu, hakuna flanja. Kuna filta mbili tu, za kukata sauti za chini au za juu. Ndiyo maana naulizwa sana: kwa nini mtu atoe hela nyingi kununua miksa isiyo na efekti?

Jibu langu lote la leo linaanzia hapa. Zima kila kitu. Efekti zote zima, filta iweke katikati, ekwalaiza zote (vizungushio vya besi, katikati na juu) katikati. Sasa piga wimbo unaoujua vizuri, na ukiniuliza mimi usiwe wimbo uliotengenezwa wote kwenye kompyuta. Piga muziki wa dansi wa zamani, wenye magitaa matatu yanayojibizana, tarumbeta, na mwimbaji anayeimba kweli. Au piga taarabu yenye fidla na akodioni. Faili iwe WAV au FLAC, ambazo hazipunguzi ubora, au basi MP3 ya kilobiti 320. Ukipima kwa faili ya 128 iliyovutwa kutoka kwenye video, unapima ubovu wa faili, miksa haijapata nafasi ya kusema kitu.

Sikiliza nini? Gitaa la solo na gitaa la rithimu: unayasikia kama magitaa mawili, au yameshikana yakawa kelele moja? Besi gitaa na ngoma ya mguu: kila moja ina mwanzo na mwisho wake? Mwimbaji akitamka "s", inakuchoma sikio? Kisha ongeza sauti polepole. Miksa nzuri ukiongeza inakua, ila haibadiliki. Miksa dhaifu ukiongeza inaanza kubana, na baada ya saa mbili wageni wanaanza kutoka nje kupumzisha masikio bila kujua kwa nini.

Kwenye hizi mbili, tofauti ipo na inasikika. DJM ni ya kidijitali: sauti ikiingia inageuzwa namba, inachanganywa ndani kwa hesabu za biti 64, halafu inageuzwa tena kuwa umeme. Sauti yake ni safi, imenyooka, na besi yake ni ya kubana. Xone:96 inachanganya kwa njia ya analogi, yaani umeme wenyewe bila kuugeuza namba. Kwenye besi na sauti za katikati ninaisikia nene kidogo, na ukiisukuma haikasiriki haraka. Kwa magitaa na sauti ya mtu, mimi naipenda Xone. Hilo ni sikio langu, na nalisimamia.

Ila wenye DJM naomba mnisikilize hapa. Plea ya CDJ, kifaa kinachocheza nyimbo, inageuza namba kuwa umeme, unaupeleka kwa waya za RCA (zile za plagi nyekundu na nyeupe), halafu miksa inageuza tena umeme kuwa namba. Kazi mara mbili bila sababu. NXS2 ina tundu za kidijitali kwa chaneli zote nne. Unganisha CDJ yako kwa waya wa dijitali, badilisha swichi ya chaneli, na mzunguko ule unaondoka. Nimeingia kumbi ngapi nikakuta tundu hizo zina vumbi!

Jambo la pili kabla ya efekti ni geini, yaani nguvu ya sauti inayoingia kwenye chaneli. Taa nyekundu hazimaanishi sauti kubwa, zinamaanisha sauti imeanza kukatwa vichwa. Panga geini ya kila chaneli kwanza, kilele cha wimbo kicheze karibu na 0 kwenye taa za kipimo, ukitaka nguvu zaidi ongeza kwenye amplifaya. Na kutoka kwenye masta, yaani sauti kuu ya miksa, tumia tundu za XLR (zile za pini tatu), hasa kama waya unatembea mita nyingi hadi kwenye amplifaya. RCA kwa masafa marefu inaokota mlio wa umeme, ule mvumo unaousikia nyimbo zikitulia. Watu wengi wanailaumu miksa kwa kosa la waya.

Ekwalaiza. DJM ina bendi tatu na swichi yenye hali mbili. Kwenye hali ya EQ, ukikata hadi mwisho inashuka desibeli 26, kwa hiyo besi inabaki kwa mbali. Ukiweka ISOLATOR inakata yote, kimya. Kwa kuunganisha ngoma mbili taratibu natumia EQ, na kwa kukata kwa nguvu watu waimbe wenyewe natumia ISOLATOR. Xone:96 ina bendi nne, yaani sehemu ya katikati imegawanywa mara mbili. Unaweza kupunguza ule uzito wa chini ya sauti ya mwimbaji bila kumnyang'anya maneno yake. Anayepiga muziki wenye waimbaji wengi ataona faida yake usiku wa kwanza.

Haya, sasa efekti.

Efekti inayofanya kazi kubwa kuliko zote ni filta, na filta za Xone:96 ndizo zinazofanya watu waipende kampuni ile. Unachagua kupitisha sauti za chini, za katikati au za juu, unaongeza rezonansi (mkazo wa sauti pale filta inapokata), na kuna kitu wanakiita Crunch kinachoongeza ukali wa kukwaruza kwa makusudi. Hata ukiizungusha kwa pupa, haitoi ule mlio wa kupiga mbinja unaoudhi. Filta ya DJM ni nzuri pia, iko kwenye kila chaneli, na ni rahisi kuizoea. Lakini ukizisikia pamoja, ya Xone ina mwili.

Kwenye eko, DJM inashinda wazi, kwa sababu eko yake inafuata mapigo ya wimbo. Na kuna vitufe vitatu ambavyo ningependa kila DJ avijue: FX FREQUENCY, yaani LOW, MID na HI. Zima LOW. Sasa eko inakwenda kwenye sauti ya mwimbaji na vyombo vya juu, besi inabaki safi. Eko ikipita kwenye besi, subwufa zinarudiarudia mapigo, ukumbi mzima unakuwa tope. Kitufe kimoja tu kinamaliza tatizo hilo.

Wapigaji wa singeli, hapa ndipo nawataka. Miksa hii inapotafuta mapigo yenyewe, kwenye AUTO, inapima kati ya BPM (mapigo kwa dakika) 70 na 180. Singeli mara nyingi inapita 200. Kwa hiyo namba kwenye kioo itawaka na kuzima, au itakaa mahali ambapo sipo, na eko yako itaanguka nje ya ngoma. Usiilaumu miksa wala wimbo. Gonga kitufe cha TAP kwa nusu ya mwendo: ngoma ya 220 igonge kama 110, kidole kinaweza. Halafu shusha kipimo cha mapigo kutoka 1/1 hadi 1/2, na eko itadondoka juu ya kila pigo la singeli. Muziki wetu una mwendo wake, na kifaa hiki kinaufuata vizuri ukikielekeza.

Kwenye zile 14, mimi natumia nne: Echo, Reverb, Roll, na Spiral mara chache. Kwenye rangi ya sauti natumia Filter na Dub Echo, iliyobeba jina la muziki wa dub wa Jamaika. Kule Kingston miaka ya 1970, King Tubby, fundi wa redio, aliufanya uchanganyaji wenyewe kuwa ala ya muziki kwa eko ya kanda na filta. Hakuwa na efekti 14. Alizijua chache alizokuwa nazo hadi mwisho.

Xone:96 nayo haijakuacha mikono mitupu. Ina njia mbili za kutolea sauti kwenda kwenye kifaa cha nje na kuirudisha. Unafunga pedali ya eko ya gitaa, au kifaa chochote cha efekti, na unakuwa na sauti ambayo DJ mwingine hana. Ila ni gharama nyingine, waya zaidi, na mapigo utayapanga mwenyewe.

Kwa wanaopiga harusi na send-off, mjadala huu unabadilika, maana MC ndiye mwenye shughuli. Tazameni DJM-A9 ya 2023: ina maiki mbili zenye efekti zake, na inatoa umeme wa volti 48 kwa maiki zinazouhitaji. Kwa wanaoskrachi, yaani wanaokwaruza santuri kwa mkono, hizi zote si zenu, nendeni kwenye DJM-S11 au Rane Seventy-Two. Na kama bajeti ni ndogo, DJM-450 ina chaneli mbili, efekti nane za mapigo na nne za rangi. DJM-250MK2 ina filta peke yake, na kwa anayeanza inatosha kabisa.

Umeme: miksa ya kidijitali ikizimika inahitaji muda kuwaka upya, na ukumbi unasubiri. Nunua UPS ndogo (betri ya akiba), funga miksa na plea zako. Hata ya analogi ifunge humo humo, jenereta ikiwashwa umeme unaruka vibaya.

Hukumu yangu: ukipiga klabu, na kila wiki unapokezana na ma-DJ wengine, chukua DJM, kwa sababu kila atakayefika anaijua, na eko yake inafuata mapigo. Ukiwa na sehemu yako mwenyewe, unapiga muziki wa vyombo na waimbaji, na unapenda kuunganisha kwa filta, chukua Xone:96.

Ukinunua iliyotumika, iwe Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli, Nairobi, nenda na hedifoni zako. Zungusha kila kizungushio sauti ikiwa inapita, usikie kama kuna kukwaruza. Pandisha na kushusha kila feda (kitelezi cha sauti) taratibu. Jaribu kila tundu kwa nyuma, chaneli moja moja, kushoto na kulia. Muuzaji akikukataza kujaribu, ondoka.