Seti ya rilei za taa za mbele kwa gari la zamani: nunua, ila pima volti kwanza

Taa za mbele zikififia kwenye gari la miaka ya 1990, wengi hukimbilia globu za wati 100. Hilo ni kosa la hatari. Waya za kiwandani zilipangiwa globu ya H4 (yenye fulu na dimu ndani ya globu moja) ya wati 60/55. Mzigo ukizidi, soketi huyeyuka na swichi ya usukani huungua. Dawa ni seti ya waya yenye rilei mbili (swichi zinazoamshwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa), inayopatikana maduka ya spea ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi. Umeme wa taa hutoka betri moja kwa moja, swichi ikabaki na kazi ya kuamsha rilei tu.

Lakini pima kwanza. Injini ikiunguruma na taa zikiwaka, betri isome volti 13.8 hadi 14.4. Ikisoma 12.5 na kuzidi kushuka, tafuta mkanda uliolegea, vichwa vya betri vyenye kutu au alteneta (inayochaji betri) iliyochoka. Seti haitasaidia kitu. Taa zinazong'aa ukikanyaga mafuta na kufifia gari likisimama zinaelekea huko huko.

Betri ikiwa sawa, pima nyuma ya globu, soketi ikiwa imechomekwa. Betri 13.8, globu 12.3: volti moja na nusu imepotelea njiani, na pamoja nayo karibu theluthi ya mwanga. Hapo seti inastahili pesa yake kabisa.

Dukani, angalia waya kuliko rilei. Nyingi ni alumini iliyopakwa shaba, na ganda nene la plastiki huficha wembamba wake. Kwangua ncha kwa kisu. Ikiwa nyeupe ndani, iache. Waya wa kwenda globu usipungue milimita za mraba 2.5. Soketi za kauri zinastahimili joto kuliko za plastiki. Globu mbili kwenye fulu hula ampea 10 hivi, kwa hiyo fyuzi ya 20 inatosha, nayo ikae karibu kabisa na betri. Baadhi ya seti huiweka mbali, na waya ukichubuka kabla ya kuifikia, hakuna cha kuzuia moto.

Wenye Hilux na Land Cruiser za zamani wawe makini zaidi: swichi zake hukata upande wa hasi. Miguu ya 85 na 86 (namba zimeandikwa kwenye rilei) ndiyo inayoiamsha, na rilei ambayo mguu wake wa 85 umefungwa kwenye bodi haitaamka. Mguu wa 86 uchukue chanya ya soketi ya zamani, wa 85 urudi kwenye waya wa dimu au wa fulu wa soketi hiyo hiyo.

Hasi za globu zenyewe zifunge kwenye chuma kilichopigwa msasa hadi king'ae, na rilei zielekeze miguu chini maji yasituame. Ukimaliza, pima tena: tofauti kati ya betri na globu ikizidi nusu volti, kuna kiungo hakijabana.