Madonge kumi na manne ya uzi ulioandikwa pamba

Shangazi yangu ndiye aliyeiona kasoro ya uzi huu kabla yangu. Alikuwa anaepua sufuria ya matoke kutoka kwenye sigiri kwa vishikio nilivyomfumia mwezi Machi, pembe ya kishikio kimoja ikagusa ukingo wa jiko, na badala ya kuungua taratibu kwa harufu ya karatasi kama nguo ya pamba inavyoungua, pembe ile ilisinyaa, ikayeyuka, ikanata ubavuni mwa sufuria. Mkono wake haukudhurika, tunamshukuru Mungu. Lakini alipokibandua kishikio alikuta pembe imegeuka kitu kigumu, cheusi, kinachong'aa, ukubwa wa punje ya kunde. Aliniuliza, "Mwanangu, hii ni pamba gani?" Sikuwa na jibu, kwa sababu lebo ya kila donge nililonunua ilisema pamba asilimia 100.

Niliununua uzi huo katika duka moja la vifaa vya ushonaji katikati ya Kampala, kwenye vichochoro ambako mafundi cherehani hufuata zipu, vifungo na bitana. Nilisafiri kutoka Jinja kwa ajili hiyo tu, kwa kuwa kwetu uzi wa pamba wa kufumia kwa mkono hupatikana kwa shida. Nilichukua madonge 14 kwa shilingi 7,000 kila moja: kumi ya rangi ya maziwa kwa ajili ya vitambaa vya makochi nilivyoagizwa na mteja, na manne mekundu kwa ajili ya vishikio vya shangazi na kofia ya mtoto wa mdogo wangu. Mimi ni karani kwa kazi, na kroshia nilifundishwa na masista nikiwa shuleni; tangu hapo nimekuwa nikifuma jioni na siku za mapumziko, mara nyingi kwa kupenda, mara chache kwa malipo. Naandika kwa ajili ya wafumaji wenzangu wanaotaka kujua kama uzi wa aina hii unafaa, na hukumu yangu imegawanyika, kama ilivyogawanyika siku hizi hata juu ya kazi yenyewe ya kufuma.

Nianze na uzuri wake, kwa maana upo. Mkononi uzi huu ni laini bila kuteleza, na nyuzi zake nne zimesokotwa pamoja kwa nguvu ya kutosha, hivyo ncha ya sindano ya milimita 3.5 haizitenganishi unapovuta kitanzi. Mfumaji anaijua thamani ya jambo hilo, kwa sababu uzi unaoachana hukulazimisha kukikodolea macho kila kitanzi, ilhali uzi uliosokotwa vizuri huiachia mikono kazi yake. Jioni moja umeme ulikatika mtaani kwetu Walukuba nikiwa katikati ya kitambaa cha mkono wa kochi, na sikuwasha mshumaa. Niliendelea gizani kwa kupapasa: kidole gumba kikitafuta kichwa cha kitanzi cha mstari wa chini, sindano ikiingia, uzi ukizungushwa na kuvutwa, na kidole cha kati kikihesabu. Umeme uliporudi nilikuwa nimemaliza mistari minne, na hesabu ilikuwa sawa. Kwa ajili ya saa kama ile siwezi kuiacha kroshia, na kwa haki kabisa, uzi huu ulichangia.

Baada ya kisa cha jikoni niliamua kuupima. Nilikata vipande vitatu vya urefu wa kidole, kimoja chekundu, kimoja cha rangi ya maziwa, na cha tatu kutoka kwenye uzi wa zamani ambao najua kwa hakika kuwa ni pamba, nikaviwasha kimoja kimoja juu ya kisahani. Uzi wa zamani uliwaka kwa mwali wa manjano, ukaendelea kufuka baada ya mwali kuzimika, ukaacha jivu laini la kijivu lililopeperuka nilipopumua. Vile viwili vipya vilianza vivyo hivyo, harufu ikawa ileile ya karatasi, kisha vikajikunja kuukimbia moto na kuacha shanga nyeusi ambayo ukucha wangu haukuweza kuivunja. Hiyo ni dalili ya mchanganyiko: ndani mna pamba, lakini pia mna nyuzi za kutengenezwa kiwandani zinazoyeyuka, za jamii ya poliesta au akriliki. Ni kipimo cha dakika mbili, na ninajutia sana kutokukifanya kabla ya kufuma hata mnyororo wa kwanza.

Mng'ao wa uzi ndio ulionipa imani. Ipo pamba inayong'aa kihalali, ile inayopitishwa kwenye soda kali, ile ya kutengenezea sabuni, huku ikiwa imevutwa, kwa njia inayobeba jina la John Mercer, Mwingereza aliyeianzisha katika karne ya 19. Soda huivimbisha nyuzi, ikawa imara zaidi na kushika rangi vizuri zaidi. Nilidhani nimeipata pamba ya namna hiyo kwa bei nafuu. Sasa najua kwamba mng'ao peke yake hauthibitishi lolote, kwa sababu poliesta nayo hung'aa.

Sina chuki na nyuzi za kiwandani. Sweta nyingi wanazovaa watoto wetu shuleni hufumwa kwa mashine kwa uzi wa akriliki wa koni, nazo ni nyepesi, hazisinyai zikifuliwa, na hukauka upesi hata katika msimu wa mvua. Shali ya akriliki kwa mtoto mchanga wa Kabale, kwenye baridi ile, ni zawadi njema. Kinachoniumiza ni kwamba kila uzi una kazi yake, na lebo ndiyo inayomwambia mfumaji ni kazi ipi. Kishikio cha sufuria hakifai kufumwa kwa uzi unaoyeyuka, kwa sababu plastiki iliyoyeyuka hunata kwenye ngozi ikiendelea kuunguza. Aliyeandika pamba asilimia 100 kwenye lebo ile aliweka mkono wa shangazi yangu hatarini, na sipati namna ya kulisema hilo kwa upole zaidi.

Kasoro nyingine ni ndogo, lakini ziligharimu. Madonge saba kati ya kumi ya rangi ya maziwa yalitoka katika tangi moja la rangi na matatu katika jingine, kama namba zilizopigwa mhuri kwenye lebo zinavyoonyesha. Dukani, chini ya taa nyeupe, hayakutofautika, lakini nyumbani mchana mstari wa rangi mbili ulionekana wazi, nami nikalazimika kufumua vipande viwili ili madonge yale matatu yatumike yote kwenye vitambaa vya mikono ya makochi na kutochanganyika na yale ya migongoni. Hilo kwa sehemu ni kosa langu, kwa kuwa kukagua namba za rangi ni wajibu wa mnunuzi. Mafundo, hata hivyo, hayakaguliki dukani. Katika donge la tano, mstari wa 31, uzi ulikatika na kuungwa kwa fundo gumu, kisha baada ya mita chache tena, na mara ya tatu, kana kwamba mabaki ya mwisho wa koni yamefungwa pamoja na kuzungushwa kuwa donge jipya. Niliyapeleka madonge kwa jirani mwenye duka, kwenye mizani yake ya sukari. Lebo inasema gramu 100. Mengi yalikuwa na gramu 88 hivi. Kwa madonge 14, huo ni upungufu wa karibu gramu 168.

Hapa ndipo panapoanza hisia zangu za pande mbili juu ya kazi yenyewe. Vitambaa vya makochi vilikuwa vipande 12, na kila kipande kilinichukua takriban saa tano, bila kuhesabu nilivyofumua. Uzi wake ulikuwa wa shilingi 70,000, na mteja, baada ya kuomba nipunguze mara tatu, alilipa 150,000. Toa uzi, gawanya kinachobaki kwa saa 60, na utaona nililipwa shilingi 1,333 kwa saa. Mteja hakuwa mtu mbaya. Alilinganisha vitambaa vyangu na vile vya lesi ya mashine vinavyotoka ng'ambo, ambavyo sokoni huuzwa kwa bei ya chini sana, na machoni pake vinafanana. Kwa mfumaji havifanani hata kidogo: vitambaa vya kiwandani vinavyoiga kroshia hutoka kwenye mashine za lesi au za kufuma sweta, kwa kuwa kitanzi cha kroshia hukamilishwa kimoja kimoja kabla ya kuanza kinachofuata, na kazi hiyo bado ni ya mkono. Kila kitambaa cha kroshia ya kweli unachokiona kwenye sebule yoyote, kuanzia Busia hadi Mbarara, kuna mtu aliyekaa nacho kitanzi kwa kitanzi. Najivunia jambo hilo, na papo hapo linanichosha, kwa sababu mtu huyo ndiye anayebeba hasara uzi unapodanganya. Duka lilipoteza nini? Mimi nilipoteza jioni mbili za kufumua, na saa ulizofumua hazirudi hata ukirudishiwa uzi.

Kwenye mafungu haya ya uzi kuna pia karatasi ya bure yenye maelekezo ya kofia ya mtoto. Michoro yake ni mizuri na hesabu zake ni sahihi, lakini haisemi kama inatumia majina ya mishono ya Kimarekani au ya Kiingereza, na tofauti hiyo ni kubwa: mshono ambao Wamarekani huuita wa moja, Waingereza huuita wa mbili, na ule wa mbili wa Kimarekani ndio wa tatu wa Kiingereza. Masista walitufundisha kwa majina ya Kiingereza. Karatasi ilikuwa ya Kimarekani, nami nikafuma mshono mfupi pale palipotakiwa mrefu, kofia ikatoka ngumu na fupi, isiyofika hata masikioni mwa mtoto. Nilipobadilisha ilikaa vizuri sana, na mdogo wangu anampenda nayo. Neno moja juu ya karatasi lingetosha kuniokolea jioni nzima.

Nilirudi dukani na kisahani changu na shanga zile nyeusi zikiwa zimefungwa katika karatasi. Kijana wa kaunta alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, akasema, "Nyabo, sisi tunauza kama tulivyoletewa." Aliniambia anaweza kunibadilishia madonge mawili ambayo sikuyafungua kwa rangi nyingine ya uzi uleule, lakini fedha hazirudishwi. Namwamini kwamba hakujua. Hata hivyo, duka linaloning'iniza kibao cha pamba mlangoni lilipaswa kuwa na mtu wa kuchoma kipande kimoja kabla ya kupokea mzigo.

Kuna huzuni nyingine ninayoibeba kama mkazi wa Jinja. Pamba ililetwa Uganda kama zao la biashara mwaka 1903, na mtaa ninaoishi ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa mji huu wa viwanda, miaka ileile ya katikati ya karne ambayo bwawa la Owen Falls lilifunguliwa, 1954, na kiwanda cha nguo cha Nyanza, NYTIL, kikaanzishwa. Kiswahili ninachoandika hapa nilikisikia kwanza kwa wazee wa Walukuba waliokuwa wanakizungumza kazini. Mpaka leo wakulima wetu wanalima pamba, na sehemu kubwa yake huuzwa nje ikiwa bado haijasokotwa, halafu mimi napanda basi kwenda Kampala kununua mchanganyiko wa plastiki ulioandikwa jina la zao letu. Ningelipa hata shilingi 10,000 kwa donge la pamba ya kweli iliyosokotwa hapa, bila kulalamika.

Basi, ukiutaka uzi huu kwa vitambaa vya makochi, mifuko, kofia au maua ya mapambo, ununue, maana kwenye sindano unapendeza na rangi yake ya maziwa haikufifia baada ya kufuliwa mara nne. Nyekundu ilichuja kwenye maji ya kwanza, kwa hiyo iloweke peke yake. Nunua donge moja la ziada kwa kila saba ili kufidia uzito, soma namba za rangi ukiwa nje kwenye mwanga wa jua, na omba ruhusa ya kukata kipande cha kuchoma. Usiutumie kwa chochote kitakachokaribia moto, na kama unafuma kwa malipo, ihesabu saa ya kufumua katika bei yako kabla mteja hajaanza kuomba punguzo. Mimi nimeanza kufanya hivyo, na mteja mmoja ameshaondoka na mwingine amekubali.

Madonge mawili mekundu yamebaki. Nimeanza kuyafuma mfuko wa kwenda nao sokoni, na shangazi nimemfumia vishikio vipya kwa ile pamba ya zamani iliyokuwa imebaki kabatini, baada ya kuchoma kipande chake kwanza mbele ya macho yake.