Return of Jafar: Jini yuleyule, sauti sio ile
Jana nimewawekea watoto Return of Jafar ya 1994, mwendelezo wa Aladdin, aisee roho imeniuma. Ile ya 1992 nimeikariri mpaka nyimbo, sasa hii ilitengenezwa na kitengo cha Disney cha katuni za tivii, ikaenda moja kwa moja kwenye kanda za video bila kupita sinema, na inaonekana kabisa, rangi zimepooza, sura ya Jasmine inabadilika kila akigeuka. Ila Jini ndo kanimaliza, Robin Williams aliyempa sauti kwenye ile ya kwanza hayupo, sauti kaweka Dan Castellaneta, anajitahidi kweli lakini ile kasi ya kuongea kama watu kumi kwa mpigo hamna. Kasuku Iago ndo kaibeba. Williams alirudi kwenye ya tatu, 1996, bora mruke muende hiyo.